Bei ya Kukaa Mtaani

Kila mwaka ikifika Novemba majoho yanakodishwa, picha zinapigwa mbele ya maktaba, na mgeni rasmi anasimama kutuambia mambo mawili. La kwanza, vijana msichague kazi. La pili, jiajirini. Nimeyasikia kwenye mahafali yangu, nikayasikia kwenye mahafali ya dada yangu, na bado kila mara watu wanapiga makofi. Mimi sipigi, na nitaeleza kwa nini.

Sina ugomvi na kazi ya mikono wala na biashara ndogo. Ugomvi wangu ni na hesabu iliyofichwa ndani ya maneno hayo. Yanachukulia kwamba kukaa bila kazi ni sawa na kusubiri daladala kituoni: jua linakuchoma, muda unapotea, lakini likija unapanda, unalipa nauli ileile wanayolipa wengine, na unafika. Si kweli. Aliyechelewa kupanda analipishwa zaidi, na anaendelea kulipishwa safari nzima. Ukikaa mtaani miaka miwili hupotezi mishahara ya miaka miwili tu. Unakatwa pia mshahara wa mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi, ukiwa tayari kazini, na ndugu wote walishakupongeza.

Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi, kwa hiyo makala za wataalamu kuhusu jambo hili zimenipitia mikononi. (Wengi darasani kwetu, ukiwauliza vizuri baada ya kipindi, watakuambia kilichowaleta. Pengo kwenye wasifu likijazwa neno “uzamili” linaonekana la heshima kuliko likijazwa neno “nyumbani”.) Lisa Kahn aliwafuatilia vijana wa Marekani waliomaliza chuo kati ya 1979 na 1989, muongo ambao ndani yake uchumi wao uliporomoka vibaya. Aligundua kwamba kila kiwango cha ukosefu wa ajira kilipopanda kwa nukta moja ya asilimia, mshahara wa kuanzia wa waliohitimu mwaka huo ulishuka kwa asilimia 6 hadi 7. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba miaka 15 baadaye, uchumi ukiwa umepona zamani, walikuwa bado nyuma kwa asilimia 2.5. Uingereza, Wiji Arulampalam aliwaangalia wanaume waliorudi kazini baada ya kukaa bila ajira. Mwaka wa kwanza walilipwa pungufu kwa asilimia 6 hivi ukilinganisha na ambavyo wangelipwa kama wasingepoteza kazi. Baada ya miaka mitatu pungufu hilo lilikuwa limefika asilimia 14. Yaani jeraha lilipanuka wakati mgonjwa anahesabiwa amepona.

Mtu atasema hayo ni ya Marekani na Uingereza. Haya, twende Mbagala.

Rafiki yangu alihitimu shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2019. Alituma maombi mpaka akaacha kuyahesabu, kisha akafanya alichoambiwa na mgeni rasmi: alijiajiri. Shangazi yake alikuwa na kibanda cha kuuza mitungi ya gesi, akaingia pale, akaanza kuandika daftari la wadaiwa, akajadiliana bei na wasambazaji, akatafuta kijana wa bodaboda wa kupeleka mitungi kwa wateja. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Mwanzoni mwa 2022 aliitwa kwenye usaili wa kampuni moja binafsi. Jopo lilikuwa na watu watatu, na mmoja wao alishika karatasi yake akauliza, “Dada, hapa katikati, 2019 mpaka 2021, ulikuwa wapi?” Akaeleza habari ya duka la gesi. Yule bwana akatabasamu, akaandika kitu, akasema, “Kwa hiyo ulikuwa nyumbani.”

Kazi akapewa, kwa mshahara wa shilingi 350,000. Wiki mbili baadaye akaajiriwa kijana mwingine, meza ya jirani, cheo kilekile, chuo kilekile, mwaka uleule wa kuhitimu. Huyu alipata kazi yake ya kwanza miezi miwili tu baada ya mahafali kwa konekshini ya mjomba, na huko alikotoka alikuwa analipwa 600,000. Alipoulizwa anataka ngapi alitaja 700,000, wakampa.

Utasema yule ana uzoefu. Sawa, mlipe uzoefu. Lakini rafiki yangu ndiye aliyemfundisha mfumo wa stoo, na walipofikisha mwaka mmoja pale hakuna aliyeweza kutofautisha kazi ya huyu na ya yule. Kilichobaki kuwatofautisha ni namba zao za kuanzia. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme kila mwaka wote wanaongezewa asilimia 8, bila upendeleo wowote. Baada ya nyongeza nne, mmoja yuko kwenye 476,000 na mwenzake 952,000. Walianza wakiachana kwa 350,000, sasa wanaachana kwa 476,000. Hakuna aliyemwonea. Asilimia ni ileile, na asilimia ileile ndiyo inayolipanua pengo. Weka juu yake michango ya NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara: wa kwanza anawekewa nusu ya anachowekewa wa pili, kila mwezi. Miezi ile ya kuuza gesi itamfuata mpaka uzeeni, na hakuna mahali imeandikwa kwamba ni adhabu.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Watu walewale wanaotuambia tujiajiri ndio wanaokaa kwenye majopo ya usaili wakiita kujiajiri “kuwa nyumbani”. Kama biashara ndogo ni kazi ya kujivunia jukwaani, kwa nini haihesabiwi mezani? Matangazo yanataka “uzoefu wa miaka mitatu katika taasisi inayotambulika”. Kibanda hakitambuliki. Lakini kwenye takwimu kinatambulika sana. Kwa ufafanuzi wa kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja katika wiki ya utafiti anahesabiwa ana ajira. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa mwajiriwa alipokuwa anahesabiwa, na alikuwa asiye na ajira alipokuwa anapangiwa mshahara. Kila mara alihesabiwa kwa namna iliyomfaa mwenye kalamu.

Kwa nini mwajiri analitazama pengo kwa jicho baya hivyo? Si lazima awe na roho mbaya. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikwenda Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596 ikapata waombaji zaidi ya 135,000, yaani watu zaidi ya 84 kwa kila kiti. Hakuna ofisa rasilimali watu anayeweza kuwasoma wote hao. Anahitaji chujio, na chujio rahisi kuliko yote ni kuuliza nani amekaa muda mrefu bila kazi. Anajiambia kwamba kama wengine hawakumchukua, lazima wameona kitu. Mwajiri wa pili anajiambia hivyohivyo, na wa tatu pia, na hakuna hata mmoja aliyeona chochote.

Watafiti watatu, Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo, waliwahi kulipima hili kwa njia niliyoipenda sana. Walituma maombi ya kubuni yapatayo 12,000 kwa nafasi zilizotangazwa katika miji 100 ya Marekani, wakabadilisha bila mpangilio idadi ya miezi ambayo mwombaji amekaa bila kazi. Kadiri miezi ilivyoongezeka, ndivyo walivyopigiwa simu mara chache, na anguko kubwa lilikuwa ndani ya miezi minane ya mwanzo. Waombaji hawa hawakuwa na uvivu, hawakuwa na kiburi, hawakuwa na “mtazamo hasi”. Hawakuwepo. Walikuwa karatasi. Na bado karatasi iliyokaa mtaani muda mrefu ilikataliwa zaidi ya karatasi iliyotoka kazini juzi.

Hoja ninayokutana nayo zaidi ni kwamba wahitimu wetu hawana ujuzi. Ina ukweli ndani yake. Nimekaa kwenye kumbi za mihadhara za watu mia sita, najua nilichofundishwa na ambacho sikufundishwa. Lakini nitazame walimu. Waliohitimu ualimu 2014 waliajiriwa kwa wingi 2015, bila usaili. Majina yalitoka, wakapangiwa vituo, wakaenda. Waliohitimu mwaka uliofuata walikuta mlango unafungwa. Juni 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kupisha uhakiki, na Aprili 2017 ikaja ile orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sipingi uhakiki, mwenye cheti feki atoke. Lakini vijana wale wa 2015 hawakuwa na vyeti feki. Walikuwa na mtaala uleule na wahadhiri walewale waliowafundisha wa 2014, na mara nyingi walilala mabweni yaleyale. Tofauti ilikuwa tarehe ya kuzaliwa.

Sasa wafuatilie watu hao wawili. Yule wa 2014 ameshapanda daraja, hata kama kwa kuchelewa, amekopa benki kwa dhamana ya mshahara, labda amenyanyua kibanda cha vyumba viwili. Yule wa 2015, kama amebahatika kuajiriwa baada ya miaka tisa au kumi, anaanza na daraja la mwanzo kabisa, sawa na binti wa miaka 23 aliyemaliza juzi. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60 kwa wote wawili, kwa hiyo miaka kumi imekatwa kwenye mafao kabla hajaandika barua yoyote ya malalamiko. Na mkopo wa elimu ya juu haukumsubiri. Mpaka 2021 ulikuwa unaongezewa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kulipa. Tozo hizo zilifutwa mwaka huo, na nashukuru zilifutwa, lakini fikiria tu mantiki yake ilipokuwepo: kijana anatozwa faini kwa kutokuwa na mshahara wa kukatwa.

Wapo watakaosema muda huo angeutumia kujifunza kompyuta, lugha, chochote. Ushauri huu hutolewa na watu ambao hawajawahi kukaa nyumbani Jumanne saa nne asubuhi. Mwaka 1931 watafiti, akiwemo Marie Jahoda, walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Walitarajia watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilikuwa vimepungua karibu nusu. Wanaume walitembea polepole mtaani na kusimamasimama, kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka majirani zangu wa kijiweni, ambao mmoja wao ana shahada ya sosholojia.

Mpaka hapa unaweza kudhani hili ni tatizo la wasio na kazi. Wewe uliye nayo linakuhusu pia, kwa kuwa mstari ule mrefu nje ya geti unasimama kwenye mkutano wako wa mshahara. “Kama hutaki, wapo wengi wanaoitaka nafasi hii.” Nani hajaisikia? Wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walikusanya takwimu za nchi nyingi wakakuta kwamba eneo ambalo ukosefu wa ajira ni mara mbili ya eneo jingine, mishahara yake huwa chini kwa karibu asilimia 10. Michał Kalecki alishaandika mwaka 1943 kwamba wenye viwanda hawapendi ajira kwa wote, hata pale ambapo ingewaongezea faida, kwa sababu siku kila mtu akiwa na kazi, tishio la kufukuzwa linakosa meno.

Kenya imetuonyesha hili waziwazi. Mkataba wa 2017 kati ya Serikali na chama cha madaktari, KMPDU, uliweka malipo ya daktari wa intanshipu kuwa takriban Sh 206,000 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikasema itawalipa 70,000. Daktari ni yuleyule, zamu ni zilezile, wagonjwa ni walewale, na bila intanshipu hawezi kupata leseni ya kudumu. Serikali ilisema bajeti haitoshi. Bajeti huwa haitoshi kila mwaka. Kilichoipa ujasiri wa kutaja theluthi moja ya malipo waliyokubaliana, kwa maoni yangu, ni madaktari waliokuwa wamejazana wakisubiri kupangiwa hospitali. Mtu aliyesubiri vya kutosha ataichukua 70,000, na akiichukua yeye, ndiyo bei ya anayefuata. Walimu wenye shahada na usajili kamili walishapitishwa njia hiyo, wakiajiriwa kama “wakufunzi wa mazoezi” kwa Sh 20,000 katika madarasa ya JSS. Madaktari waligoma siku 56. Waliweza kwa sababu wana chama. Wahitimu wa ununuzi na ugavi wana kundi la WhatsApp la kutumiana matangazo ya kazi.

Kwetu hatuhitaji hata tangazo la serikali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamlindi mwenye chini ya miezi sita kazini. Nia yake inaeleweka, mwajiri apate muda wa kumwangalia mtu. Ila penye foleni ya watu 84, kipindi cha kuangaliana kinageuka mtindo wa kuendesha ofisi: miezi mitano, asante kwaheri, mwingine. Nawajua watu wanne waliopita kwenye kiti kimoja ndani ya miaka miwili, na kila mmoja alitoka pale na pengo jipya la kuelezea kwenye usaili unaofuata.

Na kuna kujitolea. Neno zuri, limeharibiwa. Ofisi inajua ina kazi ya mtu mmoja, haitangazi nafasi, inachukua “wa kujitolea” watatu kwa nauli, au bila nauli. Anayeweza kujitolea Dar es Salaam mwaka mzima ni yule ambaye kwao ni Dar es Salaam, anakula na kulala kwa wazazi. Wa Kasulu au Nachingwea atajitoleaje, alale wapi? Kwa hiyo hata uzoefu, ile tiketi ya kuruka pengo, inanunuliwa na mwenye kwao. Halafu nafasi ikitokea siku moja, tunaambiwa yule wa kujitolea alionyesha bidii.

Ninachotaka si kikubwa, na sehemu yake tayari tunayo. Tangazo la kazi serikalini huandika ngazi ya mshahara, TGS D kwa mfano, na hakuna anayekuuliza ulikotoka ulikuwa unalipwa ngapi. Kazi ina bei, si mtu. Sekta binafsi inaandika “mshahara mnono” au “mshahara ni maelewano”, na maelewano kati ya mwenye kiti na mtu aliyekaa mtaani miezi 28 si maelewano. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 2016 ya kumkataza mwajiri kuuliza mshahara wa zamani kabla hajatoa ofa. Sioni kwa nini Bunge letu lishindwe. Kanuni ya pili ingekuwa hii: mwenye leseni ya biashara, au namba ya mlipa kodi na daftari la mauzo, miaka yake ihesabiwe kuwa uzoefu kama ya mwingine yeyote, na anayekataa kuihesabu asialikwe kuwa mgeni rasmi. Na utarajali ulipwe. Kama kazi ya mtu haina thamani hata ya kima cha chini, asiwekwe pale kuifanya.

Rafiki yangu anatafuta kazi nyingine sasa. Wiki iliyopita alikuwa anajaza fomu ya kampuni moja mtandaoni, akafika kwenye kisanduku chenye nyota nyekundu: mshahara wako wa sasa. Akakiacha wazi, mfumo ukagoma kuendelea. Akaandika sifuri, ukamwambia aweke kiasi sahihi. Akanipigia. Nikamwambia aandike wa yule wa meza ya jirani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Wataomba salari slipu za miezi mitatu.”